Dawa ya kuongeza damu: kisa cha Pemba na swali lililochelewa kuulizwa

Mwezi uliopita dada yangu alinipigia simu usiku. "Kaka, mtoto amepauka. Viganja vyeupe kama karatasi. Hali vizuri, hachezi." Mpwa wangu ana mwaka mmoja na miezi miwili. Wanaishi huko pwani, mimi nipo mjini, na kwa kuwa naandika magazetini basi katika ukoo wetu ninahesabiwa kuwa mtu anayejua kila kitu. Ukipata cheo hicho ni vigumu kusema sijui.

Kesho yake nikaingia duka la dawa. Nikaeleza. Muuzaji hakuuliza hata mtoto ana umri gani. Akashusha chupa ya sharubati nyekundu yenye picha ya mtoto mnene anacheka. "Chukua hii kaka, ina madini ya chuma na vitamini zote. Wiki mbili tu, damu inajaa." Nikalipa, nikampa kondakta wa basi, jioni ikafika. Nikajiona mjomba wa maana.

Siku ya tatu mtoto akachemka homa. Hospitali wakamtoboa kidole: malaria. Akalazwa, akatibiwa, akapona, namshukuru Mungu. Sisemi kwamba ile sharubati ndiyo iliyompa malaria. Malaria huletwa na mbu, na huenda vimelea vilikuwa mwilini mwake tangu siku dada aliponipigia simu. Lakini daktari alipoiona chupa kwenye mkoba wa dada aliuliza swali moja ambalo limenikosesha usingizi: "Nani aliwaambia mtoto huyu amepungukiwa chuma?"

Hakuna aliyetuambia. Tuliona weupe wa viganja, tukasema damu imepungua. Damu ikipungua, dawa yake ni chuma. Si ndivyo tunavyojua wote? Basi nikaanza kusoma, na nilichokikuta ni historia ndefu ambayo kipande chake kikubwa kimetokea hapa hapa kwetu, kisiwani Pemba. Nashangaa sijawahi kusikia mtu akikisimulia.

Tuanze mbali kidogo. Kumpa chuma mtu aliyepauka si jambo jipya. Katika karne ya 17 tabibu wa Kiingereza Thomas Sydenham alikuwa akiwapa wasichana waliopauka chuma kilicholowekwa kwenye mvinyo. Mwaka 1832 daktari mmoja wa Ufaransa, Pierre Blaud, akatengeneza vidonge vyenye chuma ndani yake, na vidonge hivyo vikatumika Ulaya kwa zaidi ya miaka mia. Unapomeza kile kidonge chako cha kliniki, kile kinachokupa choo cheusi na ladha ya msumari mdomoni, unameza kitukuu cha kidonge cha Blaud.

Shida ni kwamba kuna watu walimeza chuma na hawakupona. Kulikuwa na aina moja ya upungufu wa damu iliyokuwa ikiua karibu kila aliyeipata, umpe chuma, usimpe. Mpaka mwaka 1926, huko Boston Marekani, madaktari George Minot na William Murphy walipotangaza kwamba wagonjwa 45 waliolishwa maini kwa wingi kila siku walianza kupata nafuu. Maini, jamani! Si kipande cha kuonja, ni mpaka robo kilo kwa siku, na mengine yakiwa nusu mabichi. Walikuwa wamefuata kazi ya mwenzao George Whipple aliyewatoa damu mbwa kisha akatazama ni chakula gani kinairudisha haraka. Mwaka 1934 wote watatu walipewa tuzo ya Nobel.

Wakati huo huo mwanamke mmoja Mwingereza, Dk. Lucy Wills, alikuwa Bombay. Alifika huko mwaka 1928 kuchunguza kwa nini wanawake wajawazito, wengi wao wafanyakazi maskini wa viwanda vya nguo, walikuwa wakipungukiwa damu vibaya na kufa. Hakuishia maabara. Alichunguza walichokula na jinsi walivyoishi. Mwisho akagundua kwamba kitu kilichomo kwenye hamira kinawaponya, na dawa yake ikawa Marmite, ile rojo nyeusi ya chumvi ambayo Waingereza hupaka kwenye mkate. Mwaka 1931 akachapisha matokeo yake. Kile kitu kilichokuwa ndani ya hamira hakikuwa na jina. Mwaka 1941 wanasayansi wa Texas waliokuwa wamekamua mchicha wa Kizungu kwa tani walikipa jina: asidi ya foliki, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani. Kwa hiyo bibi aliyekuambia ule majani hakukosea.

Hapa ndipo historia inapoanza kuonya. Mwaka 1945 asidi ya foliki ikaanza kutengenezwa kiwandani. Madaktari wakaipeleka kwa wale wagonjwa wa maini, na damu yao ikapanda. Shangwe! Nani anataka kula robo kilo ya maini wakati kuna kidonge kidogo? Lakini baada ya miezi wengine wakaanza kufa ganzi miguu. Wakayumba wakitembea. Kidonge kilikuwa kimeirekebisha damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kimya kimya, kwa sababu walichokosa hasa hakikuwa foliki. Walikosa kitu kingine kilichokuwa ndani ya maini, ambacho kilipatikana mwaka 1948, Marekani na Uingereza karibu kwa wakati mmoja: vitamini B12. Kipimo cha damu kilisema wamepona, na mwili ulikuwa haujapona. Ndiyo maana mpaka leo daktari makini hakuandikii foliki nyingi kwa muda mrefu bila kujiuliza kama B12 yako iko sawa, hasa kama u mzee au huli kabisa vitu vitokanavyo na wanyama.

Hayo yalikuwa ya Ulaya, Bombay na Marekani. Sasa tuje huku kwetu, maana huku kwetu damu ina wezi wengi zaidi.

Kule Boston mtu akipungukiwa damu, orodha ya washukiwa ni fupi. Mtoto wa pwani ya Afrika Mashariki ana orodha ndefu. Kuna uji mtupu usio na nyama wala dagaa, hapo chuma kinakosekana kweli. Kuna safura, minyoo inayojishikiza kwenye utumbo na kunywa damu kidogo kidogo mwaka mzima. Kuna kichocho. Kuna malaria, ambayo hupasua chembe nyekundu za damu moja kwa moja. Kuna selimundu, ambayo mtoto huzaliwa nayo, na chembe zake hazidumu. Wote hao watakuwa na viganja vyeupe. Ukiwapanga mstari huwezi kuwatofautisha kwa macho. Na wote, dukani, watapewa chupa moja.

Mwaka 1978 familia moja ya watafiti, akina Murray, baba, mama na watoto wao, walichapisha katika jarida la madaktari la Uingereza habari iliyowashtua wengi. Walikuwa wamewachunguza wafugaji wa Kisomali 138 waliopungukiwa chuma kweli, si kwa kukisia. Wengine, 71, wakapewa vidonge vya chuma. Wengine, 67, wakapewa vidonge visivyo na dawa. Damu ya waliopewa chuma ilipanda kama ilivyotarajiwa. Lakini katika kundi la wasiopewa chuma yalitokea maambukizi 7, na katika kundi lililopewa chuma yalitokea 36. Malaria iliyokuwa imelala ikaamka. Kifua kikuu kikaamka.

Akina Murray walisema jambo ambalo lilikuwa gumu kumeza: huenda kwa watu wale, kupungukiwa chuma kidogo ilikuwa ni namna ya mwili kuishi na wadudu wake. Maana chuma hakihitajiwi na sisi peke yetu. Bakteria wanakihitaji. Vimelea vya malaria vinakihitaji. Ukimwaga chakula mezani huchagui nani atakaa kula.

Wengi hawakulitilia maanani sana. Utafiti ulikuwa mdogo, na upande wa pili kulikuwa na ushahidi mzito kwamba watoto wasio na chuma hudumaa kiakili na kuchoka, na mama wajawazito wasio na damu hufa wakati wa kujifungua. Hapa sipendi tuwaone wakubwa wa afya wa wakati ule kama wajinga. Walikuwa na mamilioni ya watoto waliopauka na dawa ya senti chache. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mwaka 1998 mashirika ya kimataifa, likiwemo Shirika la Afya Duniani, yakatoa mwongozo: pale ambapo asilimia 40 au zaidi ya watoto wana upungufu wa damu, wape watoto wote wadogo miligramu 12.5 za chuma na mikrogramu 50 za asidi ya foliki kila siku mpaka watimize miaka miwili. Wote. Bila kuwapima mmoja mmoja.

Sasa Pemba.

Kisiwa kile wengi wetu tunakijua kwa karafuu na kwa habari za uchaguzi. Watafiti wa afya wanakijua kwa sababu nyingine. Kule Wawi, karibu na Chake Chake, kuna maabara ya afya ya jamii iliyopewa jina la Ivo de Carneri, Mtaliano mtaalamu wa vimelea, na tangu miaka ya 1990 kisiwa kimekuwa mahali pa tafiti nzito za safura na upungufu wa damu. Miaka ile malaria ilikuwa haipumziki Pemba, mwaka mzima. Kwa hiyo likaja wazo la haki kabisa: mwongozo unasema tuwape watoto chuma, je, tukiwapa watakufa wachache zaidi? Hakuna aliyekuwa amelipima hilo kwa kundi kubwa. Watafiti wakiongozwa na Sunil Sazawal na Robert Black wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, pamoja na wenzao wa Pemba wenyewe, wakaanza kazi mwaka 2002.

Walikuwa watoto 24,076, kuanzia umri wa mwezi mmoja mpaka miezi 35. Hebu fikiria ukubwa wa jambo hilo katika kisiwa kile. Karibu kila nyumba yenye mtoto mdogo. Watoto 7,950 walipewa chuma na foliki, 8,120 walipewa chuma, foliki na zinki, na 8,006 walipewa kidonge kisicho na dawa. Kipimo kilikuwa kile kile cha mwongozo. Si mama, si watafiti, hakuna aliyejua mtoto gani anapata nini. Pembeni kulikuwa na kamati huru iliyokuwa ikifungua hesabu kila baada ya muda kuona kama kila kitu kiko salama.

Tarehe 19 Agosti 2003 sehemu ya chuma na foliki ikasimamishwa. Kamati ilikuwa imeona kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Watoto waliokuwa wakipewa chuma na foliki walikuwa wakilazwa na kufa zaidi kuliko wale wa kidonge kitupu. Matokeo yalipochapishwa Januari 2006 katika jarida la Lancet hesabu ilikuwa hivi: hatari ya kufa au kulazwa kwa ugonjwa mzito ilikuwa juu kwa asilimia 12. Si mara mbili, si mara kumi. Asilimia 12 tu. Ungekuwa muuguzi katika kituo kimoja usingeiona kamwe, ungesema ni msimu wa malaria. Ilihitaji watoto elfu ishirini na nne ili ionekane. Hilo ndilo linalonitisha hasa, maana nimekaa nikijiuliza ni sharubati ngapi zimeuzwa katika maduka yetu kwa miaka yote, na nani alikuwa akihesabu.

Lakini kisa hakikuishia hapo, na wanaokisimulia nusu nusu ndio wanaoleta balaa. Ndani ya utafiti ule mkubwa kulikuwa na utafiti mdogo wa watoto wapatao 2,400 ambao walipimwa damu mwanzoni, na ambao walikuwa wakipimwa na kutibiwa malaria kwa ukaribu zaidi. Humo ikaonekana kwamba mtoto aliyekuwa amepungukiwa chuma kweli na ana upungufu wa damu alinufaika. Aliyepata madhara ni yule ambaye chuma chake kilikuwa kinatosha tangu mwanzo. Soma tena sentensi hiyo. Kidonge kile kile, kisiwa kile kile, mwaka ule ule. Kwa mmoja dawa, kwa jirani yake hatari.

Na katika toleo lile lile la Lancet kulikuwa na utafiti ndugu kutoka Nepal, kwenye nyanda ambazo malaria si tishio kama la Pemba. Vidonge vilikuwa vya aina hiyo hiyo. Kule chuma hakikuongeza vifo, ingawa hakikuvipunguza pia.

Shirika la Afya Duniani likaitisha wataalamu mwaka huo huo wa 2006 na kubadili msimamo: mahali penye malaria nyingi, usiwape watoto wote chuma kwa jumla. Nchi nyingi zikaogopa. Mipango ikasimama kabisa, hata kwa watoto waliokihitaji. Kwa maoni yangu hilo nalo lilikuwa kosa, la upande wa pili. Tulitoka kuwapa wote bila kupima tukaenda kutowapa wote bila kupima. Kipimo hakikununuliwa katika safari zote mbili!

Kwa nini mwili ufanye hivi? Jibu lilikuwa linatafutwa maabara miaka ile ile. Mwaka 2000 na 2001 iligunduliwa homoni ndogo inayotengenezwa na ini, wakaiita hepsidini. Ndiyo bawabu wa chuma. Chuma kikiwa kingi, au maambukizi yakiingia, hepsidini hupanda na kufunga milango: ya utumbo, chuma kipya kisiingie, na ya ghala, kilichomo kisitoke kwenda kwenye damu. Mwili unaficha chakula adui asikipate. Ndiyo maana ukimpa chuma mtoto mwenye malaria, kingi hakiingii kwenye damu hata hivyo, kinabaki tumboni kulisha bakteria wa utumbo. Ukimpa kwa nguvu zaidi unagombana na bawabu.

Bawabu huyu amefundisha jambo lingine. Watafiti wa Zurich, mwaka 2015 na tena 2017, walionyesha kwa wanawake vijana waliopungukiwa chuma kwamba kidonge cha leo hupandisha hepsidini, na hepsidini hiyo hupunguza kinachofyonzwa kutoka kwenye kidonge cha kesho. Waliomeza siku moja na kuacha moja walifyonza sehemu kubwa zaidi ya kila kidonge. Basi wewe unayemeza viwili asubuhi na viwili jioni ili damu ipande haraka kabla ya harusi, unajiumiza tumbo bure. (Najua mmoja. Hatumtaji.) Kwa mjamzito mambo ni tofauti, mwongozo bado ni kila siku, na asibadilishe kwa sababu amesoma kwa mwandishi wa habari.

Na kwa kuwa nimemtaja mjamzito, nisieleweke vibaya. Baada ya Pemba watu wengine walianza kuwatisha kina mama: chuma kinaleta malaria, acheni. Swali hilo lilipimwa hapa hapa. Magharibi ya Kenya, wajawazito 470 walifuatiliwa na matokeo kutoka mwaka 2015: miligramu 60 za chuma kwa siku hazikuongeza maambukizi ya malaria, na watoto walizaliwa na uzito zaidi kwa wastani wa gramu 150. Dar es Salaam, wajawazito 1,500 ambao hawakuwa na upungufu wa chuma walifuatiliwa, matokeo yakatoka mwaka huo huo: malaria ya kondo la nyuma haikuongezeka. Lakini hawa walikuwa kliniki, wanapimwa, wanapewa kinga ya malaria na chandarua. Kwa hiyo mama akipewa vidonge vya kliniki, ameze.

Ila asiongeze vyake. Hapa kuna mtego ambao nimeusikia mara chache sana redioni. Vidonge vya SP ambavyo wajawazito hupewa kukinga malaria hufanya kazi kwa kukizuia kimelea kutengeneza foliki. Mama anayemeza foliki ya miligramu 5 kila siku, ile ya kununua dukani kwa kuwa "ina nguvu", anakifungulia kimelea mlango wa nyuma. Foliki ya kliniki ni kidogo, chini ya nusu miligramu, na haina ugomvi na SP. Miligramu 5 ina watu wake, wagonjwa wa selimundu kwa mfano, na wanaandikiwa na daktari.

Selimundu nayo niiseme, kwa sababu nina rafiki anayeishi nayo na amechoka kupelekewa sharubati na shangazi zake. Damu yake iko chini siku zote kwa kuwa chembe zake zinavunjika, si kwa kuwa chuma kimekwisha. Chuma cha chembe zilizovunjika mwili unakitumia tena. Na kila chupa ya damu anayoongezewa huja na chuma chake, kama miligramu 200 na ushee, wakati mwili wa mtu hupoteza miligramu moja au mbili tu kwa siku na hauna njia ya kutoa ziada. Ziada hiyo hukaa kwenye ini na moyo. Kumpa chuma bila kupima ni kumjazia mzigo asioweza kuutua.

Kuna hatari moja ya mwisho ambayo haihitaji malaria wala vinasaba. Vidonge vya chuma vina rangi nzuri na sukari juu. Katika miaka ya 1980 na 1990 huko Marekani vilikuwa miongoni mwa sumu zilizoongoza kuua watoto wadogo majumbani. Mama alikuwa ameandikiwa kwa ajili ya mimba ya pili, mtoto wa kwanza akadhani ni pipi. Mwaka 1997 serikali yao ikalazimisha vidonge vyenye chuma kingi vifungashwe kimoja kimoja ili mtoto asiweze kubugia, na vifo vikashuka sana. Mahakama iliifuta sheria hiyo mwaka 2003, lakini viwanda vingi vilikuwa vimeshazoea. Sisi tunapewa vyetu vimemwagwa kwenye kibahasha, tunaviweka juu ya friji au chini ya mto. Mtoto akivila, hata kama anacheka na anaonekana mzima, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, maana sumu ya chuma ina tabia ya kutulia saa kadhaa halafu kurudi kumaliza kazi.

Pemba yenyewe ilikuwaje? Mwezi mmoja tu baada ya utafiti kusimamishwa, Septemba 2003, Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto mpya za malaria, na mwaka 2006 vyandarua vyenye dawa vikagawiwa kwa wingi. Malaria ikaporomoka kiasi ambacho wazee hawakuamini. Yaani kisiwa kilichouonya ulimwengu kuhusu chuma na malaria si kisiwa kile tena. Na mwaka 2016 mwongozo mpya wa Shirika la Afya Duniani ulirudisha chuma kwa watoto wadogo wa maeneo yenye upungufu mkubwa wa damu, kwa sharti moja lililoandikwa waziwazi: penye malaria, kitolewe sambamba na kuikinga, kuipima na kuitibu. Kabla ya hapo tafiti za Ghana, ambako watoto waliochanganyiwa unga wa madini kwenye chakula walilala ndani ya vyandarua, zilionyesha mwaka 2013 kwamba malaria haikuongezeka, ingawa waliolazwa walikuwa wengi kiasi kuliko wenzao. Bado kuna la kuchunguza hapo.

Narudi kwa mpwa wangu. Daktari hakumwandikia chuma siku ile. Alitibu malaria, akampa dawa ya minyoo, akasema arudi baada ya wiki nne apimwe upya. Dada alinung'unika: mtoto mweupe hivi, mnamrudisha mikono mitupu? Mimi pia ningenung'unika kama nisingekuwa nimesoma. Kampala walilipima jambo hilo hilo kwa watoto waliotoka kuugua malaria, matokeo yakachapishwa mwaka 2016: walioanzishiwa chuma siku 28 baada ya kutibiwa walikiingiza zaidi kwenye damu kuliko walioanza siku ile ile, na mwishoni damu ya makundi yote mawili ilikuwa sawa. Kusubiri hakukuwa uzembe. Bawabu alikuwa anangojewa afungue mlango.

Jumatatu wamerudi. Wekundu wa damu ulikuwa 7.1, sasa ni 9.4, bila chupa yoyote. Kipimo cha malaria safi. Selimundu hana. Safari hii akapimwa na akiba ya chuma, na kumbe iko chini kweli, kwa hiyo ameandikiwa chuma, kwa uzito wake, miezi mitatu, si pamoja na chai, na maji ya chungwa kidogo yanasaidia. Nilimuuliza dada ile chupa nyekundu yenye picha iko wapi. Akasema ameiweka juu kabisa ya kabati, kwa sababu mtoto ameshajua kupanda viti.